Jumba la mawe Bagamoyo: mwongozo kamili wa kutunza kuta na bustani yake

Kila masika yakiisha, maswali yanayonifikia kutoka kwa wanaotunza nyumba za kale za Bagamoyo ni yaleyale. Lipu ilipigwa mwaka jana, kwa saruji nzuri na fundi anayesifika, na sasa inabanduka mapande kwa mapande. Ukuta wa upande wa bustani umetoa unga mweupe hadi usawa wa kiuno. Juu ya dirisha pameota mtini, umekatwa mara kadhaa, na kila ukikatwa unachipua upya. Wengi hupiga lipu tena, safari hii kwa saruji nyingi zaidi, na mwaka unaofuata wanaanza upya.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao: mlinzi, mtunza bustani, mwenye nyumba ya wageni, kamati inayosimamia jengo linalopokea watalii na wanafunzi. Nazungumzia majengo ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, kama yale yaliyopangana Barabara ya India pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Historia yake nawaachia waongoza wageni.

Kabla hujashika mwiko, elewa jambo hili. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mvua huuingia, unyevu wa ardhini huupanda, kisha jua na upepo wa bahari hutoa maji hayo nje kupitia lipu. Ukiuziba, maji hubaki ndani, na chumvi hubaki nayo. Kwa hiyo ukuta, mifereji na bustani ni kazi moja. Atakayepiga lipu bila kugusa bustani atairudia kazi yake.

## Vifaa vya kuwa navyo kwanza

Kwa ukuta:

- Chokaa ya mawe iliyochomwa, au chokaa ya mfuko ya kujengea iliyo mpya
- Mchanga wa mto, usiwe wa pwani
- Pipa la chuma lenye mfuniko
- Chekeche, karai, toroli, mwiko, timazi na pimamaji
- Nyundo ndogo na tindo nyembamba
- Brashi ngumu ya nyuzi (ya waya hapana) na brashi pana ya kupakia chokaa
- Magunia ya katani na pampu ya mkono ya kunyunyizia maji
- Nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa sentimita 2 hadi 4
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, ndoo ya maji safi ya kunawia

Kwa bustani: jembe, reki, mkasi wa matawi, keni ya kumwagilia, kamba na vigingi, kokoto, samadi iliyooza vizuri.

Chunga chokaa unayoletewa. Chokaa ya kilimo, ile ya kupunguza tindikali shambani, ni mawe yaliyosagwa tu, hayakuchomwa. Huuzwa kwenye mifuko inayofanana na ya kujengea, bei yake ni ya chini, na haitashika ukutani hata ukiisubiri miaka. Nimeona kazi nzima ikimwagika kama unga kwa sababu mnunuzi hakuuliza swali hilo moja dukani.

## Hatua ya 1: Pata kibali

Majengo mengi ya kale ya Bagamoyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo likilindwa, hata lipu ya ukuta mmoja inahitaji ruhusa. Andika barua kwa ofisi ya Mambo ya Kale, ambatanisha picha za ukuta, taja vifaa utakavyotumia, na upate majibu kwa maandishi. Ipitishe pia halmashauri ya wilaya.

Usidhani ni urasimu mtupu. Maofisa hao wanajua mafundi wachache waliobaki wenye kuijua chokaa, na kuunganishwa na fundi wa namna hiyo kuna thamani kuliko fedha utakayookoa kwa kufanya kimyakimya.

Na hili lijulikane mapema: kuvunja matumbawe baharini ni kosa, na boriti za mikoko hazikatwi hivi hivi. Ukihitaji mawe, tumia yaliyoanguka kutoka jengo hilohilo. Yakusanye, yahesabu, yafunike.

## Hatua ya 2: Litazame jengo mvua inaponyesha

Wakaguzi wengi huja na jua kali, wakaona nyufa, wakaandika ripoti. Nyufa ni matokeo. Chanzo utakiona mvua ikiwa inapiga, kwa hiyo vaa koti la mvua, toka, uzunguke nyumba polepole.

Tazama juu: gata limejaa majani wapi, maji yanamwagika wapi kufuata ukuta? Tazama chini: dimbwi linakaa wapi, na linakaa muda gani baada ya mvua kukatika? Maji ya bustani yanaelekea wapi? Kisha ingia ndani, uangalie vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Hapo ndipo mbao huoza kwanza, na hapo ndipo dari huanza kuanguka.

Siku kavu, pita na kifundo cha kidole ukigonga lipu. Mlio mzito ni lipu iliyoshika. Mlio mtupu ni lipu iliyoachana na ukuta. Chora duara kwa chaki kila penye mlio mtupu, upige picha.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro mmoja wa jengo unaoonyesha maji yanaingia wapi na lipu imeachia wapi. Mara nyingi alama hizo mbili zitakaa mahali pamoja.

## Hatua ya 3: Yaondoe maji

Hatua hii haina sifa, hakuna mgeni atakayeipiga picha, lakini ikikamilika nusu ya matatizo hukoma yenyewe.

Safisha gata zote na uzibe zinazovuja. Bomba la kushushia maji lisiishie kwenye msingi. Liongoze kwa mtaro hadi mita kadhaa kutoka ukutani.

Kisha pima ardhi. Bustani za zamani huinuka kila mwaka kwa mboji, majani na udongo unaoletwa, hadi siku moja udongo wa nje unakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Chimba uushushe, uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20. Upe mteremko wa kutoka ukutani, angalau sentimita 3 kwa kila mita.

Kuzunguka nyumba nzima acha ukanda wa mita 1 usiopandwa kitu. Utandaze kokoto. Watu hupenda kuusakafia ukanda huo kwa zege ili upendeze, usifanye hivyo. Unyevu wa ardhini ukikosa pa kutokea chini ya zege hukimbilia ukutani na kupanda.

Angalizo: usichimbe kando ya msingi kwa kina kikubwa, wala usichimbe urefu wote kwa siku moja. Nyumba nyingi za aina hii hazina msingi wa maana chini yake. Fanya mita mbili tatu, ukamilishe, usogee.

## Hatua ya 4: Uue mtini, usiung'oe

Ndege na popo hula matunda ya mitini na kuacha mbegu kwenye ufa. Mche unaanza na majani mawili yasiyozidi ukucha. Ukiushika hapo, siku ya pili baada ya mvua, unatoka mzima kwa vidole viwili. Kwa hiyo kuta zikaguliwe kila mwezi wakati wa mvua. Kazi ya dakika chache.

Ukishakuwa na shina la unene wa kidole, mambo yamebadilika. Mizizi imeingia katikati ya ukuta na imeyakumbatia mawe. Ukivuta, unavuta na mawe. Ukikata tu, kisiki kinachipua na mizizi inaendelea kunenepa.

Fanya hivi: kata shina karibu na ukuta kwa msumeno, na papo hapo, kabla utomvu haujakauka, paka sehemu iliyokatwa dawa ya kuua magugu yenye glaifosati. Tumia brashi ndogo. Usinyunyizie, dawa itaenda kwenye maua yako. Subiri wiki kadhaa. Kikichipua, rudia. Mizizi ikishakufa na kunywea, toa ile inayotoka kirahisi, inayokataa iache humo, na ujaze nafasi kwa mchanganyiko wa chokaa na vipande vya mawe.

Utajua umefaulu msimu mzima wa mvua ukipita bila jani jipya.

## Hatua ya 5: Vua saruji

Fundi atakwambia, "Bosi, chokaa haina nguvu, tupige saruji tumalize." Nguvu yenyewe ndiyo tatizo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe lililo nyuma yake. Jengo likitanuka na jua na kusinyaa usiku, saruji haifuati. Inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia kupitia nyufa hizo, kisha hayatoki.

Okota pande la saruji lililoanguka ulipindue. Mgongoni utakuta tabaka la unga wenye unyevu, rangi ya mchanga, unaopukutika kwa kidole. Unga huo ni uso wa jiwe lako. Chumvi iliyeyuka ndani ya maji, maji yalipokauka nyuma ya saruji ikabaki pale, ikajenga chembe zake ndani ya vitundu vya tumbawe na kuvipasua kimoja kimoja. Ile saruji "ya kulinda" imekula sehemu ya uso wa ukuta kwa kila tabaka linaloanguka.

Kama hujui lipu yako ni ipi, kwaruza kwa ufunguo. Ya chokaa ni nyeupe au ya rangi ya krimu na hukwaruzika. Ya saruji ni ya kijivu na ufunguo huteleza.

Anza na sehemu ulizozizungushia chaki. Ingiza tindo kwa ubavu kati ya lipu na ukuta, gonga taratibu, acha pande lijiachie. Usitumie mashine ya kutoboa. Penye saruji iliyoshika kabisa, iache. Ukiibandua kwa nguvu itaondoka na uso wa jiwe, na hasara itakuwa kubwa kuliko faida. Itaachia yenyewe siku nyingine.

Ukuta ukishakuwa wazi, fagia chumvi kwa brashi kavu na uizoe kwenye karai ukaitupe mbali. Usiioshe kwa maji, maana maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Kesho yake chumvi itatoka tena, fagia tena. Uache ukuta upumue wiki kadhaa, na kama ulikuwa umelowa sana, uache kiangazi kizima. Najua mapokezi yanataka ukuta mweupe kabla ya wageni wa mwezi wa saba. Weka kibao kinachoeleza kazi inayoendelea. Wageni wengi husimama hapo kwa hamu kuliko kwenye ukuta uliokamilika.

## Hatua ya 6: Andaa chokaa

Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900 za Sentigredi, hewa ya ukaa hutoka na kubaki chokaa kali. Ikikutana na maji huchemka na kuwa laini. Ikipakwa ukutani huvuta tena hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Ukiuelewa mzunguko huo, utaelewa kwa nini lipu ya chokaa haitaki haraka.

Kama una chokaa kali ya mawe:

Jaza pipa la chuma maji hadi nusu. Vaa glavu na miwani. Tia mawe ya chokaa ndani ya maji, machache machache, ukikoroga kwa mti mrefu. Daima chokaa ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwagia maji juu ya rundo la chokaa italipuka na kukurukia usoni. Pipa la plastiki halifai, joto hufika la kuchemsha.

Mchemko ukitulia, chekecha uondoe mawe yasiyoiva, ufunike kwa maji kina cha vidole vinne, uweke mfuniko. Iache wiki nne kwa uchache, na miezi mitatu ni bora zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Haiharibiki maadamu iko chini ya maji.

Kama una chokaa ya mfuko:

Ipime kwanza. Weka kijiko kimoja kwenye kisahani na ukamulie ndimu. Ikitoa povu jingi, imekwishavuta hewa ya ukaa ndani ya mfuko na imekufa, irudishe dukani. Ikitulia, ni nzima. Iloweke ndani ya maji usiku kucha, siku kadhaa ukiweza, kabla ya kuitumia.

Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda hospitali. Ndoo ya kunawia ikae hatua chache kutoka kwenye kazi, na watoto wasisogee kabisa.

Utajua umefaulu ukichota kwa mwiko na kuugeuza, chokaa ikabaki imeng'ang'ania, laini na inayong'aa.

## Hatua ya 7: Mchanga na mchanganyiko

Mchanga wa pwani uko karibu na ni wa bure, na ndiyo sababu kuta nyingi za mji huu zimejaa chumvi. Tumia wa mto. Hata huo uonje kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na chumvi, ukatae.

Weka mchanga kwenye chupa angavu hadi nusu, ongeza maji, tikisa, uache saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe kwanza.

Kipimo cha lipu ya msingi ni chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ndoo ileile. Nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga ni kama theluthi moja ya ujazo wake, na kazi ya chokaa ni kuzijaza hizo. Ukizidisha chokaa, lipu itapasuka ikikauka. Kwa tabaka la msingi changanya na nyuzi za katani, konzi mbili kwa kila karai, ukizitawanya kwa vidole zisifungamane. Katani huzuia nyufa za mwanzo.

Mchanganyiko ukiwa mgumu, mkono wa kwanza wa kila fundi huenda kwenye ndoo ya maji. Mzuie. Uponde na kuukanda kwa nguvu. Baada ya robo saa utalainika wenyewe. Maji ya ziada leo ni ufa wa kesho.

## Hatua ya 8: Piga lipu

Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti. Masika yamepita, jua si kali. Upepo wa kusi hukausha, kwa hiyo magunia yawe tayari. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, joto hukausha lipu kabla haijashika. Ukuta unaotazama magharibi usiuguse miezi hiyo.

1. Jioni ya kuamkia kazi, lowesha ukuta. Asubuhi lowesha tena. Uwe na unyevu bila maji kutiririka. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu, na chokaa hubaki vumbi.

2. Jaza mashimo makubwa kwanza, kwa vipande vya mawe na mchanganyiko. Usijaze shimo kwa chokaa tupu, litasinyaa.

3. Piga tabaka la kwanza, unene wa milimita 10 hadi 12. Lirushe kwa mwiko badala ya kulipaka, liingie kwenye maungo ya mawe. Usinyooshe ukuta kwa lazima. Kuta hizi zina mawimbi yake, na kuzinyoosha kunahitaji unene usiokauka.

4. Likianza kukaza, likwaruze kwa mistari ya kukatana ili tabaka la pili lishike.

5. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, yasiguse lipu. Nyunyizia maji kama ukungu asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa sababu fundi amekwishalipwa na hakuna aliyepewa jukumu la kunyunyizia. Mkabidhi mtunza bustani, yeye yupo kila siku na maji anayo.

6. Nyufa nyembamba zikitokea siku za mwanzo, zikandamize kwa mwiko zikiwa bado mbichi. Zinafungika.

7. Baada ya wiki mbili, jaribu kwa ukucha wa dole gumba. Ukiingia, subiri. Usipoingia, piga tabaka la pili, unene wa milimita 8 hadi 10, kwa namna ileile.

8. Malizia kwa niru: chokaa 1 kwa mchanga laini 1, unene wa milimita 2 au 3, ikisuguliwa kwa ubao.

Utajua umefaulu baada ya mwezi, ukigonga na kusikia mlio mzito kila mahali, na mvua ikinyesha ukaona ukuta unabadilika rangi, kisha kesho yake mchana unarudi kuwa mkavu. Kuna wenye nyumba hushtuka wakiona madoa hayo ya maji. Ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 9: Paka chokaa

Rangi za dukani za plastiki huziba ukuta sawa na saruji, na hutoka malengelenge. Paka chokaa.

Chukua chokaa iliyokaa kwenye pipa, ongeza maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, chuja kwa kitambaa. Lowesha ukuta, paka kwa brashi pana, koti jembamba kiasi cha kuona ukuta nyuma yake. Itaonekana haijapaka kitu. Ikikauka inang'aa nyeupe. Acha siku moja, rudia. Makoti manne au matano mepesi hudumu miaka kuliko mawili mazito yanayopukutika na kuchafua nguo za wageni. Ukitaka rangi, tumia udongo mwekundu uliochekechwa vizuri, kipimo kilekile kwa kila ndoo.

Kabla ya kupaka, funika mimea kwa turubai. Masazo ya chokaa usiyamwage kwenye kitalu cha maua, yataunguza mizizi.

## Hatua ya 10: Panga bustani upya

Sasa ndipo upande. Kanuni ninayoitumia ni kwamba mti usimame mbali na ukuta angalau kwa kadiri ya urefu utakaokuwa nao ukikomaa. Mwarobaini, mkungu, mkrismasi na mlangilangi zote ni miti ya pembeni ya kiwanja. Hupandwa karibu na nyumba kwa ajili ya kivuli, na baada ya miaka kumi sakafu inainuka.

Mwembe au mbuyu wa zamani ulio karibu usiukate kwa hofu. Umekuwapo pamoja na nyumba, na nao ni kumbukumbu. Punguza matawi yanayogusa paa, fagia majani, ufuatilie nyufa.

Nje ya ukanda wa kokoto, panda vitu vifupi visivyotaka maji mengi: mshubiri, mrehani, mchaichai. Mita tatu hivi kutoka ukutani weka mwasumini na mkilua. Napendelea hii miwili kuliko maua ya kuagiza, kwa sababu mgeni anayeingia jioni ananusa pwani kabla hajasoma kibao chochote. Mwasumini na bogenvilia zipate chanja zao za miti. Zikipanda ukutani, hushikilia unyevu na kuficha nyufa unazopaswa kuziona.

Kwa uwanja, ukoka unatosha. Unavumilia jua, mchanga na upepo wa chumvi. Pandikiza vipande mwanzoni mwa masika, umbali wa shubiri moja, na usiukate chini ya sentimita 3, utaungua kiangazi.

Minazi iwe mbali na njia na mabenchi, na nazi ziangulie kabla hazijaanguka zenyewe.

Mwagilia asubuhi, kwa keni, kwenye shina. Mpira wa kurusha maji huku na huku huulowesha ukuta kila siku ya Mungu, hata kiangazi. Kama maji ni ya kisima kilicho karibu na bahari, yaonje kwanza. Maji ya chumvi yataua maua na yataipandisha chumvi hiyo hiyo ukutani.

Matandazo ya makumbi na majani yanafaa sana kwenye udongo wetu wa kichanga, ila yakae mbali na ukanda wa kokoto. Yakigusa ukuta, mchwa hupata njia iliyofunikwa hadi kwenye milango na boriti. Kila wiki tazama chini ya ukuta kama kuna vichuguu vya udongo. Ukikiona kimoja, kivunje, uangalie kesho kama kimejengwa upya; kikijengwa, ita mtaalamu wa dawa.

## Hatua ya 11: Wageni

Funga kwa kamba eneo lenye chokaa mbichi. Kundi la shule ligawanywe kabla ya kupanda ghorofani, hasa penye boriti zilizooza. Njia za kutembea ziwe za mchanga au kokoto zilizoshindiliwa, na zisipite chini ya ukuta unaoachia mawe. Maji ya vyoo na ya kuogea, yakiwapo, yaelekezwe upande wa chini wa kiwanja. Kuketi barazani ni ruhusa. Baraza ilijengwa kwa ajili hiyo.

## Kalenda ya mwaka

Januari na Februari: kagua paa, rekebisha mifereji, zima chokaa (itie majini kama ilivyo Hatua ya 6) ya kazi ya kiangazi cha katikati ya mwaka.

Machi, kabla ya masika: safisha gata, punguza matawi. Ukoka na miche iwe tayari.

Machi hadi Mei: zunguka jengo kwenye mvua. Ng'oa miche ya mitini kila mwezi. Panda.

Juni hadi Agosti: vua saruji, piga lipu.

Septemba: paka chokaa.

Oktoba hadi Desemba, wakati wa vuli: gata tena, mitini tena, na ukague lipu mpya kwa kifundo cha kidole.

Weka daftari moja, likae kwa mlinzi. Andika tarehe, kipimo cha mchanganyiko, jina la fundi, na ukuta uliofanyiwa kazi. Piga picha ya kila ukuta ukisimama mahali palepale, mwezi uleule, kila mwaka. Atakayekuja kukupokea kazi ataanza na daftari hilo.